Kumlea Mtoto Mwenye Usonji Kando ya Ziwa

Mama wa Ukerewe mwenye mtoto wa miaka minne asiyesema huvuka ziwa kutoka Nansio hadi Mwanza, akapanda kilima hadi Hospitali ya Bugando, akakaa benchi mpaka zamu yake ifike, akaonana na daktari, akarudi. Akibahatika hurudi na jibu: mtoto ana usonji. Jibu hilo lina thamani kubwa, maana linakomesha miaka ya kubahatisha. Ila halimwambii afanye nini kesho asubuhi mtoto atakapokataa kuvaa shati, wala jioni atakapochomoka uani kukimbilia majini. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno nchini kwetu, na safari ya kuwafikia inakula nauli, siku ya biashara na uvumilivu wa mtoto mwenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi itafanyika nyumbani, na mfanyakazi ni wewe.

Sisemi hivyo kukutisha. Mbinu nyingi zinazowasaidia watoto hawa hazidai mashine wala chumba chenye kiyoyozi. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto waliochelewa kukua kiakili na kiusemi: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, vikiongozwa na watu ambao si mabingwa wa tiba. Darasa lao ni kuoga, kula, kucheza na kufua. Hayo yote yako Igoma, yako Sengerema, yako hata kisiwani.

Tuanze na hospitali, kwa sababu wapo wanaoiruka. Mtoto asiyeitika anapoitwa apimwe masikio kabla ya lolote. Wapo walioitwa wabishi miaka mitatu kumbe hawasikii. Usonji wenyewe hauna kipimo cha damu wala picha ya kichwa. Daktari huutambua kwa kumwangalia mtoto na kukuhoji wewe, ndiyo maana maandalizi yako yana uzito. Beba kadi ya kliniki. Andika alikaa lini, alitembea lini, alitamka nini kwanza, na kama alikuwa na maneno kisha yakapotea. Mrekodi kwa simu akiwa nyumbani: anavyocheza, anavyoomba kitu, anavyokasirika. Mtoto anaweza kutulia kama maji mtungini mbele ya daktari, ukaonekana wewe ndiye uliyetunga. Na kama hupatwa na degedege, au hukodoa macho akapotea kwa sekunde kadhaa mara kwa mara, usilifiche kwa aibu. Kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi ya wenzao, na kifafa kina dawa.

Halafu usisubiri. “Ataongea tu, hata baba yake alichelewa.” Maneno haya husemwa kwa upendo, nayo hula miaka. Mtoto ambaye angeongea mwenyewe hatadhurika kwa kuanza kusaidiwa mapema.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, maana ushauri mwingi wa usonji umeandikwa na watu wasioishi ufukweni. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji: mng'ao wake, sauti yake, namna yanavyoubana mwili. Wengi pia huondoka kimyakimya bila kuaga, na hatari haiwaingii akilini kama inavyowaingia wenzao. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walipitia kumbukumbu za vifo wakaona kwamba hatari ya kufa maji kwa watoto wenye usonji ilikuwa kama mara 160 ya watoto wengine. Hiyo ni nchi ambayo mabwawa mengi ya kuogelea yamezungushiwa uzio. Kwetu, toka Igombe hadi Luchelele, nani ataliwekea ziwa uzio? Mwanza inakumbuka kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na kwa MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, na ni haki ikumbuke. Mtoto anayezama peke yake mwaloni saa kumi jioni hatangazwi na yeyote, ila vifo vya namna hiyo vinazuilika kwa komeo na mazungumzo.

Komeo liwe juu, asikolifikia. Mlangoni tundika kitu kinacholia mlango ukifunguliwa. Hata makopo mawili yenye kokoto yanatosha. Pipa la maji lifunikwe, na ndoo ya kufulia imwagwe kazi ikiisha. Mashimo ya kufyatulia matofali yanayojaa wakati wa masika yana hatari sawa na ziwa lenyewe, na mara nyingi yako karibu zaidi na nyumba. Kwa familia za milimani, kule Mabatini au Igogo, kuna pia miamba: mtoto apendaye kupanda atapanda, na hatafikiri namna ya kushuka.

Mtoto hupotea zaidi pale penye watu wengi, kila mmoja akidhani mwenzake anamwangalia. Msibani, harusini, siku ya kuhama nyumba. Dawa yake ni kumpa mtu mmoja, kwa jina, kazi hiyo tu. Wapo wanaotumia kitambaa cha rangi: aliyekifunga mkononi ndiye mlinzi, na hakifungui mpaka mwingine akipokee kwa mdomo wake mwenyewe. Inaonekana kama mchezo wa watoto. Jaribuni.

Kisha nenda mwaloni na mtoto mwenyewe. Mpeleke kwa viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, kwa akina mama wanaoanika dagaa, kwa vijana wa bodaboda kijiweni, kwa mwenyekiti wa mtaa. Waione sura yake, walijue jina lake, wachukue namba yako. Waambie kwamba akiitwa hataitika, na akikimbizwa atakimbia zaidi, pengine kuelekea kule kule majini. Wamkaribie polepole, wakiwa na kitu anachokipenda. Bangili yenye namba wengi huivua na kuitupa, kwa hiyo namba ya simu ishonwe kwa ndani, mgongoni mwa kila shati. Na akipotea, mtu wa kwanza aende majini kabla ya kubisha hodi nyumba yoyote. Tumezoea kuanza kwa jirani, halafu dukani, halafu kanisani au msikitini, ziwa likawa la mwisho. Mpangilio huo ugeuzwe. Mtoto aliyeingia nyumba ya jirani anaweza kungoja robo saa. Aliyeingia majini hawezi.

Mfundishe pia kuogelea. Hapa Mwanza shirika la EMEDO limekuwa likiendesha mradi wa kuzuia vifo vya kuzama katika Ziwa Victoria, na kwa jambo hili ni watu wa kuuliza. Jaketi okozi alizoee nyumbani kwanza, avae dakika mbili akila karanga, kesho tano, kabla hujampandisha mtumbwini. Tusisahau kwamba kandokando ya ziwa kuna kichocho: mtoto aliyeingia maji hayo apelekwe zahanati akapewe dawa kwa kufuata ushauri wa mhudumu. Na hata akijua kuogelea, jicho lako lisihame.

Najua wapo wanaomfunga mtoto kamba mguuni ili waende sokoni. Mama aliyeachwa peke yake, mwenye beseni la samaki linalooza kwenye jua, simrushii jiwe. Ila kamba inamuumiza mtoto, nyumba ikishika moto hana pa kukimbilia, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto ukatili. Njia ya kuikwepa ipo, nitaifikia.

Jambo la pili ninalotaka tulizungumze kwa nafasi ni lugha. Mzazi akishaambiwa mtoto amechelewa kusema humwongelesha kwa wingi, akidhani anamjaza. Jaribu kinyume chake. Badala ya “Haya basi mwanangu njoo uvae viatu vyako haraka tusije tukaachwa na gari,” shika kiatu mbele yake, useme, “Kiatu. Vaa.” Halafu ngoja. Hesabu mpaka kumi moyoni bila kurudia, bila kumvalisha. Ubongo wake unaweza kuwa bado unalishughulikia neno la kwanza wakati wewe uko kwenye la tisa. Kaa chini ili nyuso zenu zikaribiane, ila usimshike kidevu kumlazimisha akutazame machoni. Wengi husikiliza vizuri zaidi wakiangalia pembeni.

Mfuate anakokwenda. Anazungusha mfuniko wa ndoo? Chukua mfuniko mwingine, uzungushe, useme “zungusha.” Usimnyang'anye ili kumfundisha herufi. Akikukubali kwenye mchezo wake ndipo atakapokuruhusu uulete wako. Mpe pia sababu ya kuomba: andazi liwe mahali analiona lakini halifikii, umkatie kipande kidogo, ungoje. Akinyoosha kidole, akitoa sauti, akikuvuta mkono, hayo yote ni maombi, mjibu mara moja na umpe neno, “andazi.” Usimnyime mpaka alie. Akifika kwenye kilio, somo limeshakufa.

Asiyesema kabisa apewe picha. Njia ya kubadilishana picha, ambapo mtoto hukabidhi picha akapewa kitu, ilibuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, na leo inatumika nchi nyingi. Huhitaji kununua seti ya ng'ambo. Piga picha kikombe chake, sahani yake, choo chenu, baba yake, zichapishwe steshenari na kupigwa plastiki. Kama fedha hakuna, tumia vitu vyenyewe: kikombe kitupu kiwe “nina kiu,” kipande cha sabuni kiwe “tunaoga.” Hofu kwamba picha zitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema haijathibitishwa na utafiti. Mtoto anayeeleweka hulia kidogo, na anayelia kidogo hupata nafasi ya kujifunza.

Wapo wanaosema sana lakini kwa kurudia. Mtoto wa namna hii ataimba wito wa konda, “Buzuruga, Igoma, Kisesa!”, mara mia kwa siku, na wageni watacheka. Sikiliza anausema wakati gani. Akiusema kila anapochoka na nyumba, ameshakuambia kwamba anataka kutoka. Mpe maneno yake, “Nataka kutoka,” mfungue mlango mtoke.

Na bibi asikatazwe Kisukuma chake. Wazazi wengi hushauriwa kubakiza lugha moja, eti mbili zitamchanganya mtoto, na kwa Mwanza hiyo moja huwa Kiswahili, au Kiingereza cha shule ya kulipia. Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wa lugha moja na wa lugha mbili hazikuona kwamba lugha ya pili inawarudisha nyuma. Ukimnyima Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya, umemtenga na mtu ambaye huenda ndiye mwenye subira kuliko wote nyumbani.

Mengine niyapitie upesi. Ratiba ya siku ibandikwe ukutani kwa picha nne au tano, na mabadiliko yatangazwe mapema kwa “kwanza” na “halafu”: kwanza kuoga, halafu redio. Umeme hukatika bila kutangaza, kwa hiyo fanyeni mazoezi ya giza mchana wa furaha: zima taa, washa tochi, cheka, washa taa. Daladala lianze saa isiyo na msongamano, vituo viwili tu, mshuke. Mvua kwenye bati, mashine ya kusaga, spika za mkutano wa injili au za harusi ya jirani ni mateso ya kweli kwa masikio yake. Vizuia kelele vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi husaidia, na pia kona moja ya nyumba yenye godoro na pazia isiyoguswa na mtu mwingine. Choo cha shimo humtisha mtoto kwa giza na uwazi wake. Anza na poti nje ya mlango, uisogeze ndani kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Chakula msigombane. Anayekataa dagaa kwa sababu ya macho yao anaweza kuwala wakisagwa na kuchanganywa kwenye uji. Akichagua vyakula viwili tu kwa miezi, mwambie daktari.

Kazi za mikono zifundishwe kuanzia mwisho. Kwenye kuvaa shati, wewe fanya yote ubakize kifungo kimoja, akifunge yeye, umsifu. Akikiweza, bakiza viwili. Kila mara anamaliza kazi yeye, na ladha ya kumaliza ndiyo itakayomrudisha kesho.

Akilipuka sokoni, akajitupa chini akapiga kelele, si deko. Ubongo umezidiwa. Punguza maneno, zuia kichwa kisigonge, omba watu wasogee, ngoja. Fimbo wakati huo inaongeza kelele juu ya kelele. Mafunzo yatakuja baadaye, kwenye daftari. Andika: ilikuwa saa ngapi, kulikuwa na nini kabla yake, alikuwa amekula? Baada ya wiki chache kurasa zitakuonyesha jambo ambalo hukuliona.

Watu watasema. Watasema umelogwa, umerithi, ulikosea ujauzito, na lawama itamwelemea mama hata kama ukoo wa baba una watoto wa namna hiyo watatu. Hilo si letu peke yetu. Huko Marekani Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima mwaka 1967 akiwalaumu wazazi, hasa mama, kwa ubaridi wao. Aliyekuwa ameshaijibu hoja hiyo mwaka 1964 alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji nyumbani kwake, akionyesha kwamba chanzo kiko kwenye ubongo wenyewe. Uingereza wazazi waliungana mwaka 1962 wakaanzisha chama. Kenya wazazi walifanya hivyo mwaka 2003, na hapa kwetu Lukiza Autism Foundation ya Dar es Salaam imeasisiwa na mzazi. Popote jambo hili liliposogea, mzazi alisukuma.

Kuhusu tiba za miujiza, nchi iliyopanga foleni ya magari Loliondo mwaka 2011 kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500 haihitaji kuelezwa jinsi tumaini linavyouzwa. Usonji hauna dawa ya kuuondoa. Anayekuambia anao mzizi wa kuutoa, au mafusho, au chale, anataka mbuzi wako. Hatari zaidi ni “maji ya miujiza” yenye kemikali ya kupaushia nguo, ambayo mwaka 2019 yalibainika kugawiwa watu nchini Uganda kama tiba ya maradhi mengi. Kwingineko duniani watoto wenye usonji wamenyweshwa. Kemikali hiyo huunguza matumbo. Na ujumbe wa simu kwamba chanjo ya surua huleta usonji una asili yake: makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, ambayo jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010, na mwandishi akafutiwa usajili wa udaktari mwaka huo huo. Surua inaua. Mpeleke mtoto chanjo.

Sala haina ubaya wowote, mradi haifukuzi pepo kwa makofi.

Nilisema njia ya kuikwepa kamba ipo. Akina mama wa Mwanza hawahitaji kufundishwa kikoba. Wanajua kukutana kila wiki, kuweka hisa, kukopeshana, kumfuata asiyerejesha. Muundo huo huo uchukuliwe na wazazi wa watoto wenye usonji na ulemavu wa akili. Watano wanatosha. Hisa iwe saa: Jumanne mimi nawaangalia watoto watatu uani kwangu nikiwa na msaidizi, Alhamisi wewe. Kila kikao mmoja aeleze jambo moja lililofaulu wiki hiyo na moja lililoshindikana, na wababa waje, wasitume salamu. Kikundi kisajiliwe kwa ofisa maendeleo ya jamii, kwa sababu halmashauri hutenga mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Asiye na kikundi hata mlango wa kuuliza haujui. Ndugu za mtoto nao wapewe siku yao. Dada wa miaka tisa aliyegeuzwa mlinzi wa kudumu ana haki ya kucheza rede.

Iliyobaki ni shule. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya kuandikishwa, shule ya umma hata ya binafsi. Ukiambiwa “hapa hatupokei wa namna hiyo,” usigombane na mwalimu wa zamu. Omba jibu kwa maandishi, kisha nenda kwa ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri. Ndiye anayejua shule ipi ina kitengo na ipi ina mwalimu aliyesomea kazi hiyo, kwa mfano Chuo cha Patandi, Arusha. Kitengo chenye mwalimu mmoja mwenye moyo kitakufaa kuliko jengo jipya lisilo na mtu. Mwandalie mwalimu karatasi moja, ukurasa mmoja tu: anachopenda, kinachomtisha, anavyoomba choo, anachofanya akizidiwa, kinachomtuliza, namba mbili za simu. Shule hufunguliwa Januari na uandikishaji wa darasa la awali hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka. Nenda Oktoba, walimu wakiwa bado wana nafasi ya kukusikiliza, na umchukue mtoto akaione shule siku isiyo na kelele.